Jicho la Kemunto Linaenda Homa Bay

Kemunto,

Kabla hujasoma, kaa chini, na usiisogeze karatasi puani kama mtu anayenusa mboga zilizolala. Nimeandika herufi kubwa makusudi. Mimi nyanya yako ni mzima, magoti ni yaleyale. Hali yako sikuulizi kwa sababu naijua kuliko wewe: uko Keumbu kwa msusi, umekalia kiti cha plastiki tangu asubuhi, unasukwa nywele za kwenda nazo kwa watu, na kila anayekuuliza kama mimba inakusumbua unamjibu kwamba wewe huna tatizo lolote mwilini. Jibu hilo ndilo limenifanya niache chai shambani nichukue kalamu.

Kesho Otieno anakuja na pikapu ya rafiki yake kubeba kitanda, sufuria na wewe. Kupika sitakufundisha, umetupikia miaka yote na hakuna aliyekufa. Kuishi na mume pia sitakufundisha. Mimi wangu nilimshinda kwa njia moja tu, ya kumwacha atangulie. Hayo ya kufagia, kuamka mapema na kumsalimia mama mkwe ukiwa umeinama, watakwambia akina mama wa kanisa leo jioni. Watakwambia kwa kirefu. Vumilia.

Naandika kwa Kiswahili na sababu unaijua. Ningeandika Ekegusii ungesoma peke yako, ukaikunja, ukaiweka chini ya godoro. Kiswahili hata Otieno atasoma, na mama yake atasoma, na jirani akipita anaweza kusaidia. Mimi nilifika darasa la nne. Nimeona waliofika la nane wakiandikiwa barua ya kuomba ruhusa. Nikikosea mahali, rekebisha kimyakimya na usicheke.

Jambo lenyewe ni jicho.

Unajua hadithi yako kwa vipandevipande, maana kila mtu hapa alikusimulia kile kinachomfaa yeye. Nikusimulie mimi, niliyekuwepo. Mama yako Moraa alikuwa msichana wa nyumbani bado alipokupata. Mimba ilipokuwa changa alishikwa na homa ndogo, tezi za shingo zikavimba, akawa amechoka hata kumwita kuku hawezi. Nikasema ni malaria. Nilikuwa nasema malaria kwa kila kitu siku hizo, hata kwa uvivu. Akanywa dawa, akapona, tukasahau. Ukazaliwa mzuri, mweupe, mnene. Baada ya miezi michache nikaona jicho lako la kushoto lina safari zake. La kulia linaniangalia mimi, la kushoto linaangalia mlango.

Sasa hapa ndipo nilipofanya kazi yangu, na niliifanya vizuri, ingawa haikuwa kazi yenyewe.

Bosibori, huyu jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, alikuwa amekuja kukuona. Alikushika, akakugeuza, akasema, "Huyu mtoto ni mweupe namna hii alitoka wapi?" Akaenda zake. Kesho yake ndipo nikaliona jicho. Kwa hiyo nikajumlisha. Otieno akisoma hapa atashangaa, mweleze: kwetu kuna watu ambao jicho lao likimkalia mtoto, hata kama hawana nia mbaya, vitu humganda mtoto kwenye ngozi. Vijiti, nyuzi, takataka. Mtoto anaumwa na hamjui kwa nini. Dawa yake ni siagi. Unampaka mtoto siagi, unaviringisha mkono juu ya ngozi, unatoa kimoja kimoja.

Kemunto, nilikupaka siagi. Nilikupaka mpaka ukawa unateleza. Mama yako alikuokota ukamponyoka ukaangukia kitandani, ukacheka, mimi nikasema mnaona, dawa inafanya kazi. Na nilitoa vitu kweli. Nilitoa nyuzi za buluu, nilitoa nywele, nilitoa kitu kama punje ya wimbi. Baadaye sana mama yako aliniambia nyuzi zilikuwa za blanketi lako la buluu. Mbona hakusema siku hiyo? Ananiogopa. Anafanya vizuri.

Jicho halikurudi. Basi nikavuka kijito, nikasimama kwenye uwanja wa Bosibori, nikamwambia mbele ya wakwe zake, "Ukija kwangu tena, njoo umefunika uso."

Akaniuliza, "Kwa nini?"

"Umemtazama mtoto wa Moraa akaharibika jicho."

Bosibori aliweka chini ungo wake. "Omong'ina, bibi mzee," akaniambia, "mimi nina mtoto wa jicho macho yote mawili. Hapo uliposimama naona kitu kama gunia. Nitamharibu mtoto wa nani, na mimi hata lango lako nalitafuta kwa fimbo?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilirudi nyumbani na heshima yangu nikiwa nimeibeba mkononi.

Ni mama yako aliyekupeleka hospitali ya misheni. Mimi nilifuata nyuma nikisema ni kupoteza wakati. Daktari wa macho alikumulika, akakumulika tena, kisha akatueleza taratibu kama mtu anayeongea na ng'ombe mkali. Akasema nyuma ya jicho la kushoto kuna kovu, katikati kabisa, pale mtu anapoonea. La kulia lina kovu pia, dogo, liko pembeni. Makovu hayo hukuyapata kwa kutazamwa na mtu. Uliyapata tumboni. Kuna kijidudu kidogo sana, jicho la mtu halikioni. Kinatoka kwenye mavi ya paka, kinakaa kwenye udongo, kinaingia kwenye mboga ambazo hazikuoshwa, na kwenye nyama ambayo haikuiva. Watu wengi hukila wasijue. Lakini mwanamke akikipata mara ya kwanza akiwa mjamzito, kinaweza kumfikia mtoto, na kikimfikia hupenda jicho.

Mimi katika maneno yote hayo nilisikia moja. Paka.

Kwa sababu paka alikuwa wa nani? Wa Bosibori! Paka mwenye madoa, aliyekuwa akivuka kijito kila siku kuja kujisaidia kwenye shamba langu la mboga kana kwamba nimemchimbia choo. Basi sikuwa nimekosea sana. Boma nilifika lenyewe, nikakosea mlango tu.

Nikavuka tena na ufagio. Bosibori akasikia makelele, akatoka. "Umemaliza kunishtaki mimi, sasa unamshtaki paka?"

"Nyinyi ni ukoo mmoja."

"Na ile mboga ya chinsaga uliyokuwa ukimpikia Moraa, uliichuma kwenye shamba hilohilo?"

"Niliichuma."

"Uliiosha?"

Nikamwambia sikuja kujibu maswali ya kijinga. Nikaondoka. Mpaka leo sijalijibu, na wewe usiniulize. Lakini umeona mwenyewe chinsaga ninavyoiosha siku hizi. Naiosha mpaka inakaribia kuungama.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri.

Ulipoanza shule ulikuwa unageuza kichwa kando ili uone ubao kwa jicho zima. Mwalimu akadhani unamchungulia mwenzako, akakuchapa. Nilikwenda shuleni. Mwalimu yule alikuwa mrefu, lakini tulipomaliza kuongea alikuwa amefupika. Ungedhani baada ya hapo ningekwambia: mwanangu, waambie watu una jicho bovu wasikuonee. Hapana. Nilikushika mkono njiani nikakwambia usimwambie mtu yeyote, kwa sababu watasema nyumba ya Mama Moraa ina macho ya laana, na siku ya kuolewa hatatokea mtu. Ulikuwa na miaka saba na mimi nawaza mahari! Ukanisikia. Ni jambo moja tu ulilowahi kunisikia vizuri, na ni hilo la kijinga. Ukajifunza kukaa upande wa kushoto wa watu. Ukajifunza kusema "nimezoea tu" ukiulizwa kwa nini kichwa kimeinama. Leo una mimba na bado unaficha kama mtoto aliyeiba sukari, na sukari inaonekana mdomoni.

Usiitazame karatasi hivyo. Ndiyo, ni mimi. Endelea kusoma.

Unakumbuka tulipokuwa tukichuma chai kule chini, ukawa unapunga mkono usoni. Nikakuuliza, "Unafukuza nini?"

"Nzi."

"Nzi gani? Mimi niko hapa na hakuna nzi."

"Wako wadogo. Weusi. Nikigeuka wanageuka."

Halafu ukainama, ukaendelea kuchuma mpaka kikapu kikajaa, ukapeleka kwenye mizani, ukarudi ukapika, ukaosha vyombo. Mimi nilikuwa nakutazama nikijiambia, huyu mtoto anachuma chai na nzi wake ndani ya jicho, na ni lile jicho zima. Nilikuambia tuende hospitali. Ukasema, "Magokoro, nyanya yangu, nikienda watasema ni kwa sababu ya mimba, na watu wa Otieno watajua." Ukasema utakwenda ukishajifungua. Utakwenda kufanya nini ukishajifungua? Kuomba wakuelezee mtoto anafanana na nani?

Ndiyo maana nilikufuata kliniki ya akina mama. Ulisema sina haja ya kuja, nikasema nakuja kupumzisha miguu. Nesi akakupima tumbo, akakupima damu, akauliza, "Una ugonjwa wowote wa zamani?"

Ukasema, "Hapana."

Mimi sikupanga kusimama. Miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Mwongo huyo!" Akina mama wote kwenye benchi wakageuka. Kuna mmoja alikuwa amelala, akaamka akasema, "Nani? Mimi?"

Nesi akasema, "Nyanya, tafadhali keti."

"Nitaketi akisema ukweli. Ana kovu la paka ndani ya macho!"

Najua uliona aibu. Uliniambia njia nzima mpaka nyumbani, kwanza kwa maneno, halafu kwa kunyamaza. Lakini nesi aliandika akutume kwa daktari wa macho mjini Kisii, na ukaenda, na hilo ndilo nililotaka. Aibu huisha, Kemunto. Mimi nimeaibika mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua, na tazama, bado nachuma chai.

Nitaandika aliyosema daktari yule, kwa sababu wewe ulikuwa umetiwa matone, mboni zimekuwa kubwa kama za bundi, na ulikuwa umeninunia. Sidhani ulisikia hata nusu. Mimi nilisikia yote. Nilimrudisha nyuma mara nyingi mpaka akaniuliza kama nataka kukaa kwenye kiti chake.

Alisema kile kijidudu hakikufa. Kimelala pembeni mwa kovu. Kinaweza kulala maisha yote ya mtu. Kinaweza pia kuamka wakati wowote, na mimba ni moja ya nyakati ambazo madaktari huliangalia jicho kwa karibu, kwa kuwa mwili unabadilika. Si lazima kiamke. Wanawake wengi wa namna yako hubeba mimba, huzaa, na jicho halina habari. Lakini kikiamka, jicho linavimba kwa ndani, na wewe ukikaa nacho nyumbani kinaongeza kovu. Na kovu la jicho la kulia liko karibu na pale unapoonea. Hilo alilisema polepole. Akalisema tena akikutazama wewe, nawe ukawa unatazama ukuta.

Safari hii alikuta kimelala. Wale nzi, akasema, ni takataka za zamani zinazoelea ndani ya jicho. Mimi nilishukuru Mungu kwa sauti mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akaitikia amina. Lakini alisema leo kimelala si kusema kesho kimelala. Akataka akuone tena na tena mpaka ujifungue, na baada ya kujifungua pia. Na katikati ya hapo ukiona nzi wapya, au wengi kuliko wa kawaida, au ukungu, au mwimo wa mlango umepinda na mlango hukuugusa, au mwanga unakuchoma, au jicho linauma na kuwa jekundu, unakwenda siku hiyohiyo. Husubiri siku uliyopangiwa. Hungoji Otieno atoke kazini. Dawa ipo, akasema, ila daktari ndiye anayechagua, kwa sababu dawa nyingine haziendi na mimba. Kwa hiyo usinunue matone dukani. Usikubali mtu akutie maziwa, wala chai, wala asali, wala kitu chochote kilichomponya binamu yake. Nikiwemo mimi. Nikija Homa Bay na kichupa, nifukuze.

Nikamuuliza jambo ulilokuwa ukiogopa kuliuliza. Nilikuona ukiminya kitambaa. Nikasema, "Na mtoto? Atampitishia?"

Akasema ni nadra sana. Wewe ulikipata zamani, kabla hujazaliwa, na mwili wako tangu hapo unakijua na unaulinda mlango. Moraa alipata taabu kwa sababu kwake kilikuwa kigeni, kilifika mimba ikiwa tumboni. Wewe si mgeni wake. Akasema hata hivyo uwaambie wakunga, ili mtoto naye akizaliwa aangaliwe. Nikaona mabega yako yakishuka. Miezi yote hiyo ulikuwa umeyabeba juu, Kemunto, na mimi nilidhani ni maringo ya mimba.

Nikamuuliza tena, "Atasukuma au hatasukuma? Jicho halitatoka?"

Akacheka. Akasema jicho halitatoka, usukume kama wenzako.

Nikamuuliza, "Na paka je? Nimuue?"

Akasema, "Nyanya, mwache paka. Mjukuu wako anacho hicho kijidudu tangu tumboni, paka hana jipya la kumpa. Anawe mikono akitoka shambani, aoshe mboga, apike nyama iive." Hapo nilisikitika kidogo, nisikudanganye. Miaka yote nimefanya vita na ukoo wa yule paka, mpaka wajukuu zake. Lakini nimesema nitakwambia ukweli wote, na huo ni mmoja.

Tukarudi nyumbani. Ukaniomba kitu kimoja. Ukasema, "Magokoro, umeongea kliniki, umeongea kwa daktari. Watu wa Otieno wakija Jumapili usiongee."

Na sikuongea! Bosibori ni shahidi yangu, alikuwepo. Mama Otieno alikaa pale kwenye kochi, mwili mkubwa, sauti kubwa, gauni la kitenge la kijani, amekuletea samaki wakavu wa kutosha kijiji. Ukamimina chai. Akakutazama, akasema, "Msichana wangu, mbona kichwa kimelala upande?" Ukasema, "Nimezoea tu, mama." Mimi nilikuwa na kipande cha ndizi mdomoni. Nilikitafuna kile kipande mpaka wageni wakaanza kuomba ruhusa ya kwenda. Bosibori aliniuliza baadaye kama naumwa, kwa vile hajawahi kuniona nimenyamaza muda mrefu namna ile tangu nizikwe mume. Yaani tangu mume azikwe. Ona, hata kalamu inakasirika.

Wakaondoka. Nikakaa na ahadi yangu. Nikaifikiria nikipika, nikaifikiria nikisali, na Mungu hakunisaidia kuifikiria vizuri. Nikawa naona hivi: uko kule, hakuna anayejua. Asubuhi moja nzi wanarudi, wengi, na ukungu juu yake. Mama mkwe anakwambia, "Twende sokoni." Unasema, "Ndiyo, mama." Unabeba beseni. Unasema utakwenda hospitali Otieno akirudi, halafu Otieno anarudi amechoka, unasema kesho. Na hakuna hata mtu mmoja katika boma lile wa kusimama akasema mwongo huyo.

Kwa hiyo jana ulipoenda kumuaga mama yako kule Nyansiongo, nilimpigia simu Mama Otieno.

Ndiyo. Nilimpigia. Pumua, halafu endelea.

Nikamwambia, "Mama Otieno, nina neno."

"Sema, Mama Moraa."

"Msichana wetu ana jicho."

"Ana mawili," akasema, "niliyaona."

"Moja haliko sawa. Na la pili linahitaji mlinzi."

Nikajua sasa amekaa, anawaza laana, anawaza kumrudisha mke wa mwanawe kama sufuria iliyotoboka. Nikajitayarisha kumtukana. Nilikuwa na tusi zuri kabisa, la zamani.

Akasema, "Yawa, Mama Moraa! Hiyo mimi nilijua siku ileile. Msichana alinimiminia chai kwenye kisahani, kikombe kikabaki kinamwangalia. Nikanywa kwenye kisahani."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Nilidhani ndiyo heshima ya Wakisii kwa wakwe. Nikamnyooshea mume wangu kidole, naye akamimina yake kwenye kisahani. Hukutuona?"

Kemunto, niliwaona. Nilidhani ndivyo Wajaluo wanavyokunywa.

Tulicheka mpaka simu ikakata. Akapiga tena yeye. Nikamwambia yote, tumboni mpaka nzi mpaka mwimo wa mlango. Hakunikatiza, na unajua yule mama anavyopenda kukatiza. Akaniuliza, "Otieno anajua?" Nikasema wewe ulimwambia macho yako ni mabovu kidogo. Akasema, "Kidogo! Huyo kijana nitamwambia mimi. Hapana, atamwambia mke wake mwenyewe. Lakini nitakuwa nimekaa hapo." Kwa hiyo jitayarishe. Atakuwa amekaa hapo.

Halafu tukagombana. Nilimuuliza kama ana paka. Akasema, "Mama, mimi nauza samaki. Nitakosaje paka?" Nikamwambia awafunge. Akasema daktari alisemaje. Ikabidi niseme alivyosema daktari. Akasema basi. Nikashindwa hapo. Tukagombana pia nani atakwenda nawe kliniki ya macho. Mimi nikasema Kisii, kwa sababu daktari wa Kisii ndiye aliyeona makovu yako kwa sasa na atajua yakibadilika. Yeye akasema kutoka kwake mpaka Kisii ni njia, na siku jicho litakapouma ghafla watakupeleka karibu. Hapo alikuwa sahihi, na nilichukia. Tukakubaliana: siku ulizopangiwa, Kisii, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi kabla hujafika. Siku ya ghafla, huko huko, na yeye ndiye atakayekukokota. Ana mikono mikubwa, atakukokota vizuri. Yule daktari alinipa picha ya ndani ya jicho uionyeshe popote utakapokwenda. Nimeiweka ndani ya Biblia yako, usiitafute kwenye sanduku.

Najua utakavyosema. Utasema nilikuahidi. Nilikuahidi, na nimevunja, na kama ungekuwa na miaka saba tena njiani kutoka shule ningekwambia maneno mengine, lakini huna, na mimi sina njia ya kurudi pale nikafunge mdomo wangu wa siku ile. Kwa hiyo kasirika. Kaa na hasira wiki nzima kama unataka, usinipigie. Lakini kasirika ukiwa unaona. Niuone uso wako umenuna na wewe uuone wangu usiojali.

Na kitu cha mwisho, kisha niende nikakamue ng'ombe, analia kama mimi ndiye ninayedaiwa maziwa.

Siku ukijifungua, watakuwekea mtoto kifuani. Watu watakuwa wengi chumbani, kila mmoja ana lake. Mama Otieno atasema ni sura ya kwao. Mimi nitasema ni uongo, ni ya kwetu. Bosibori, wameshamtoa ule mtoto wa jicho, atakuja kuona kama kweli ni mweusi au mweupe. Usitusikilize. Usitafute pua ya nani wala masikio ya nani. Geuza kichwa chako upande unaoona vizuri, mbele ya watu wote, bila kumweleza mtu, na umwangalie. Mwangalie mpaka yeye aanze kulia kwa kuangaliwa. Umwangalie bado.

Mimi nyanya yako,
Nyaboke, Mama Moraa
(nimeandika mwenyewe)